Ijumaa za Daktari

Kwanza niseme wazi kwamba Daktari si daktari. Ni fundi wa meno ya bandia kama mimi, ila yeye ndiye mwenye karakana, na wateja walimpa cheo hicho kwa sababu ya koti lake jeupe na ule uso wake wa kutoa habari mbaya. Tuko watatu. Mwenzetu anayeng'arisha meno tunamwita Msasa. Mimi naitwa Nta, kwa kuwa kazi yangu ni kupanga meno kwenye ufizi wa nta, moja baada ya jingine, kabla ufizi wenyewe wa plastiki haujapikwa. Ni jina zuri kuliko la Msasa, na huwa namkumbusha kila akijisahau.

Kwetu kazi haiendi kwa majina ya siku. Kuna siku ya chapa, mteja anapong'ata kile kitu laini kinachoshika umbo la fizi zake. Kuna siku ya nta, halafu siku ya kujaribu, na siku ya nne ni siku ya kuvaa. Miaka kumi na saba nimewaambia wateja, "Utavaa siku ya nne," mpaka maneno hayo yanatoka yenyewe, hata kichwa kikiwa mahali pengine.

Mwaka huu Daktari alituita asubuhi moja, akavua miwani, akasema kuanzia wiki ile Ijumaa tunafunga. Mshahara uleule. Tutaingia saa moja badala ya saa mbili, na tutatoka saa kumi na mbili badala ya kumi na moja. Chapa tutachukua Jumatatu tu, ili Alhamisi kila mtu awe ameshavaa meno yake. Msasa alidhani ni utani. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Sababu ni mama yangu. Mama ana asubuhi, basi. Akiamka ananijua vizuri kabisa, ananiita Kibogoyo, jina nililopewa nilipong'oka meno manne kwa mpigo nikiwa na miaka sita, ananisimulia mambo ambayo hata mimi nimeyasahau. Ikifika mchana anaanza kupotea, na jioni nikirudi kazini ananipokea kwa adabu zote: "Karibu, mwanangu. Umetoka mbali?" Kama mgeni. Siku za kazi naondoka bado amelala, namwachia jirani yetu. Jumamosi na Jumapili nyumba inafurika, kaka zangu, wake zao, watoto wao, kelele juu ya kelele, na Mama anatabasamu kwa kila mtu bila kumjua hata mmoja. Kwa hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu, mimi na yeye tu, na chai, tangu kunapokucha mpaka saa sita hivi. Nilikuwa tayari kufanya kazi mpaka mgongo ukatike, mradi nisinyang'anywe Ijumaa.

Na mgongo kweli ulikaribia kukatika. Sitaki kumdanganya mtu kwamba ilikuwa raha tupu. Zamani saa ya chakula Msasa alikuwa akitusimulia filamu nzima, na milio ya risasi. Sasa tulikula tumesimama, kila mtu na sahani yake, hakuna wa kumsikiliza mwenzake. Ikifika Alhamisi tulikuwa tunajibizana kama mawifi. Msasa naye Ijumaa alilala, akaziba paa, akakosa la kufanya, mpaka mkewe akatuma salamu kuuliza kama Daktari hawezi kumchukua walau nusu siku. Daktari peke yake ndiye aliyejisifu. Alisema ameanza kulima mchicha nyuma ya nyumba. Kila Jumatatu alitupa taarifa zake: umeota, umepata wadudu, umepona. Miezi mitatu hatukuona jani. Mchicha ule ulikua kwa maneno tu.

Halafu nikafanya kosa. Jumanne moja alikuja mzee amebana leso mdomoni. Meno yake ya bandia yalikuwa yamekanyagwa na baiskeli ya mjukuu wake.

"Mwanangu," aliniambia, "Jumamosi namwoza binti yangu wa mwisho. Nitasimamaje mbele ya wakwe na leso?"

Nikamwonea huruma, nikamchukua chapa palepale. "Usijali, mzee. Utavaa siku ya nne." Jumatano nikapanga nta. Alhamisi akaja kujaribu, akajitazama kwenye kioo, macho yakamjaa maji, nami nikamshika bega nikamwambia, "Kesho unavaa." Mashine ya Msasa ilikuwa inanguruma, hakusikia. Daktari aliinua macho kidogo, akaendelea kukoroga plasta yake.

Nilishtuka jioni, naosha vyombo. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na siku ya nne ni Ijumaa! Nilikuwa nimemwahidi mzee wa watu mlango uliofungwa, na Jumamosi wakwe wanamsubiri.

Hakukuwa na ujanja. Asubuhi nilimvalisha Mama gauni lake la bluu, akachukua mkoba wake usio na kitu ndani, tukaenda karakana. Njiani alifurahi sana, akanishika mkono akaniuliza kama bado naogopa majogoo. Nilijisikia vibaya. Asubuhi moja tu kwa wiki, nami naipeleka kazini.

Ufunguo haukuzunguka kwenye kitasa, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ndani, sufuria ya kupikia ufizi ilikuwa inachemka, na Daktari amesimama mbele ya mashine ya Msasa, koti limejaa vumbi, seti tano za meno zimepangwa mezani kwangu.

"Wewe umefuata nini hapa?" akaniuliza.

"Wewe je? Mchicha umehamia huku?"

Akazima mashine. Akamsalimia Mama kwanza, akamletea kiti, akampangusia vumbi kwa kiganja. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kazi ya siku tano haiingii kwenye siku nne, Nta. Nimejaribu kuipanga kila namna."

"Tangu lini unakuja?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza."

Hapo hasira zikanipanda, nami nikikasirika sina breki. Nikamwambia ametufanya watoto. Kwamba nimekaa na mama yangu Ijumaa kumi na mbili nikidhani kila mtu amepumzika, kumbe kuna mtu mmoja anavunjika mgongo kwa ajili yangu na hata heshima ya kunieleza hana. Nilisema mengi. Ukweli ni kwamba nilimpenda sana Daktari wakati ule, na sikujua niuweke wapi upendo huo, ndiyo maana nikawa nafoka.

"Ungesema!"

"Ningesema mngekuja," akajibu. "Kabla hatujaanza kufunga Ijumaa ulipanga meno ya mteja mmoja kwenye taya la mwingine, unakumbuka? Miaka kumi na saba hukuwa umewahi kukosea vile. Nikamuuliza Msasa kuna nini, ndipo akaniambia habari za mama yako. Ndiyo maana nikafunga Ijumaa."

Mama alikuwa anatusikiliza, na saa ile ilikuwa bado asubuhi. "Baba," akamuuliza Daktari, "nyumbani kwako kuna nani?"

"Niko peke yangu, mama. Mke wangu alifariki, huu mwaka wa sita."

Mama akanigeukia. "Sasa unamgombeza nini, Kibogoyo? Ulitaka akae na nani?"

 Nikavaa aproni, tukafanya kazi, yeye anapika, mimi nasugua. Nikamwambia kwamba Jumatatu turudi siku tano kama zamani. Akasema haturudi. Nikasema tunarudi. Tulikuwa bado tunabishana mzee wa harusi alipofika. Akavaa meno yake, akayagonganisha, akacheka kwa mara ya kwanza bila leso. Mama akapiga makofi.

"Bwana harusi ndiye huyu?" akauliza.

Mzee alicheka mpaka akalazimika kushika taya.

Jumatatu nilimweleza Msasa kila kitu, Daktari akiwa hapohapo amejifanya anatafuta koleo. Msasa alizima mashine yake. Kisha akasema, "Mlango ubaki wazi siku tano. Kila mtu achukue siku yake ya kupumzika. Mimi nitajifunza nta, Nta ajifunze kung'arisha, na Daktari anajua zote." Akajichagulia Jumatatu. Mimi nikabaki na Ijumaa yangu. Daktari tukampa Jumatano.

"Mimi ndiye mwenye karakana," akasema Daktari.

"Ndiyo maana tumekupa siku ya katikati," akajibu Msasa. "Ya heshima."

Bado si raha tupu. Nta ya Msasa ni aibu, meno yote yanatazama kushoto, na mara mbili nimeirudia bila yeye kujua. Wateja wanauliza kwa nini siku nyingine wanakuta watu wawili tu, na si haohao. Ila tunakula tumekaa, na filamu zimerudi.

Shida ilikuwa Daktari. Jumatano ya kwanza alikuja saa tatu akisema amesahau miwani, nayo imo usoni. Msasa alimshika kiwiko akamsindikiza mpaka kituo cha basi, akasubiri apande. Jumatano ya pili hakuja. Tulitazama mlango kutwa nzima, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba ana wasiwasi. Nilitoka kazini nikipanga nipite kwake, lakini kwanza nikamwone Mama.

Nikamkuta Daktari barazani kwetu. Hakuwa na koti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya Mama, sinia la maharage katikati yao, wanachagua mawe. Jirani akanikonyeza kutoka dirishani, akaniambia yuko hapo tangu saa nne, na kwamba Mama amekula vizuri leo.

Mama akainua uso, akanipa tabasamu lake la jioni. "Karibu, mwanangu. Umetoka mbali?"

"Mbali kidogo, mama."

"Kaa upumzike. Huyu baba ni fundi wa meno. Kuna binti anafanya naye kazi, basi kutwa nzima ananihadithia habari za huyo binti. Anasema hajawahi kuona mikono kama ile. Na ana huruma, anasema, ila ana hasira."

Daktari aliinama kwenye sinia kana kwamba amepoteza kitu ndani yake.

"Nimemwambia anilete nimwone," Mama akaendelea. "Binti kama huyo, mimi ningependa awe wangu."

Nikavua viatu, nikakaa chini karibu na goti lake, nikachota maharage kiganjani ili nipate pa kutazama. Kisha nikamwambia binti huyo atakuja, Ijumaa, asubuhi na mapema.