Soma Kumi na Tatu, Ukome Hapo

Baba yangu ni mchungaji na ni kipofu, na kwa miaka minane macho yake yalikuwa mimi. Kila Alhamisi nikitoka kazini nilipitia kwao, nikaketi kwenye kiti cha mbao mbele ya meza yake, nikamsomea Biblia ili atayarishe mahubiri ya Jumapili, na Jumapili nilipanda kumsomea mistari hiyohiyo mbele ya kanisa. Yeye ndiye aliyetaja sura, mstari wa kuanzia na mstari wa kukomea. Nikivuka mpaka wake hata kwa neno moja, aligonga meza kwa pete ya ndoa. Nilizoea. Nilidhani ni ukali wa uzee tu.

Mimi ni karani wa mahakama. Ninaandika kila kinachosemwa mbele ya hakimu, na shahidi akitaka kukumbushwa ninamsomea maneno yake kama yalivyo, hata yale anayotamani asingeyasema. Wakili akisoma nusu ya barua kwa sababu nusu ya pili inamuumbua, hakimu humtazama juu ya miwani na kumwambia, "Malizia, wakili." Nimeisikia hiyo mara nyingi, na kila mara moyo wangu hufurahi. Kwa hiyo ujanja wa kusoma vipande ninaujua vizuri sana. Kwa baba nilijitia hamnazo, kwa sababu ni baba.

Alhamisi ninayoisema nilimkuta ameketi wima, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Katibu wa kanisa alikuwa pembeni na daftari lake magotini.

"Mambo ya Walawi," baba akasema. "Sura ya ishirini. Soma kumi na tatu, ukome hapo."

Ni mstari unaomhukumu mwanamume anayelala na mwanamume mwenzake, nami sikuhitaji kuambiwa anaelekea wapi. Mdogo wangu, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama, alikuwa ameitwa na wazee wa kanisa wiki mbili kabla, akaulizwa kwa nini amefika miaka thelathini na haonyeshi dalili ya kuoa. Angetaka kudanganya angedanganya, wazee wenyewe walikuwa wamemwandalia na uongo, "Labda masomo yamekubana, kijana wetu?" Yeye akawajibu ukweli. Aliwaambia kwamba hapendi wanawake kwa namna hiyo, kwamba ana mwenzake mwanamume anayeishi naye, na kwamba hawezi kwenda kumharibia maisha binti wa watu ili kanisa lipate harusi. Wazee wakatoa macho. Siku ya pili habari ilikuwa imeshafika hadi kwa wafagiaji.

Basi Jumapili hiyo angetengwa. Kutengwa kwetu si maneno matupu. Mstari husomwa, waumini hunyoosha mikono, na tangu hapo hakuna muumini anayeruhusiwa kumkaribisha huyo mtu kwake wala kula naye. Na nyumba anayokaa baba ni nyumba ya kanisa. Na ndani ya nyumba hiyo, chumba cha nyuma, alilala mama.

Mama alipatwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Upande wote wa kulia ulikufa, na maneno yakaenda nao. Kisha akaanza kukataa chakula. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamkaripia hadi nikalia; alifumba mdomo akanitazama tu. Lakini Kitinda alipopita jioni akitoka kazini, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuiga jinsi baba anavyosafisha koo kabla ya kuomba, mama alicheka, na akicheka kijiko kinaingia. Akimaliza kumlisha aliunyoosha ule mkono mfu kidole kimoja kimoja, akiuzungumzia kama mtoto mvivu. Muuguzi aliyekuja kumpima alituambia bila kumung'unya maneno: huyu kijana akiacha kuja, mama yenu hamalizi mwaka. Baba alikuwepo. Alisikia.

"Baba," nikasema, "nikisoma kumi na tatu, nisome na kumi?"

"Nimesema kumi na tatu."

"Kumi iko juu yake mistari mitatu tu, ukurasa huohuo. Inamhukumu mwanamume anayelala na mke wa mwenzake. Na adhabu ni ileile, kifo."

Kalamu ya Katibu ilianguka sakafuni. Hakuna asiyejua kwamba miaka miwili nyuma Katibu alikutwa na mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya yetu, ndani ya stoo ya viti. Alisimama mbele, akalia machozi mengi, na mwezi haukuisha akarudishiwa daftari lake. Jumapili ile baba alihubiri habari za yule mwanamke aliyeletwa apigwe mawe, na nani arushe la kwanza. Mahubiri mazuri sana. Mstari wa kumi hatukuufungua.

"Katibu alitubu," baba akasema.

"Na Kitinda atubu nini? Kujibu alichoulizwa?"

Pete ikagonga meza. "Usiniletee mambo ya mahakamani hapa. Neno liko wazi."

"Liko wazi lote, au hapo unaponionyesha tu?"

"Dada," Katibu akaingilia kwa ile sauti yake ya mafuta, "tumheshimu mtumishi wa Mungu. Kama ni vigumu kwako, hata mimi naweza kusoma."

Nilimtazama huyo mtu aliyeinama kutafuta kalamu chini ya kiti. Yeye ndiye angesoma! Nikamwambia asijisumbue, nitasoma mwenyewe.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kikinitafuna, maana bila hicho mtadhani baba yangu ni mtu asiyejua kusoma kwa huruma. Anajua sana. Miaka minane nyuma, ugonjwa wa sukari ulipommaliza macho, baadhi ya wazee walioitamani mimbari walikuja nyumbani na kitabu hichohicho cha Walawi. Wao walikuwa na sura ya ishirini na moja, ile inayofuata, ambapo mtu mwenye kasoro mwilini anakatazwa kusogea kumtolea Mungu sadaka. Kasoro zimetajwa pale, na ya kwanza kabisa ni upofu. Waliusoma huo mstari mmoja tu, wakafunga, wakanywa chai yetu, wakaondoka.

Baba alilala siku tatu ameelekea ukutani. Aliyeketi sakafuni na kufungua Biblia ni Kitinda, wakati huo bado mwanafunzi. Alitafuta mchana kutwa, akiacha vipande vya magazeti katika kila ukurasa. Akamwonyesha baba kwamba sheria ile walipewa wana wa Haruni kwa ajili ya hema lao. Akamwonyesha nabii aliyewafungulia mlango wa nyumba ya Mungu watu ambao sheria iliwaacha nje. Akamkumbusha Yesu alivyoulizwa ni dhambi ya nani iliyompofusha yule mtu, naye akajibu si ya yeyote. Baba akaamka, akaoga, akahubiri hayo yote Jumapili. Aliwaambia watu kwamba mstari mmoja ukiung'oa peke yake unaweza kuua mtu. Kanisa zima lililia. Wazee wale wakameza maneno yao, na mimi nikapewa kazi ya macho.

Hata meno anayohubiria ni ya Kitinda. Ndiyo kazi yake, kutengeneza meno bandia, na ya baba aliyachonga wiki mbili mpaka yakaacha kupiga mluzi kwenye herufi ya S. Ndiyo hayohayo yangetumika kumlaani.

Jumapili nilipoingia kanisani nilimwona mama. Walikuwa wamemweka mstari wa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, kilemba kimefungwa vibaya, na mtu asiyejua alikuwa amemvisha viatu vya kubana. Tangu augue hakuwahi kuletwa.

"Nani amemtoa mama kitandani?" nikamuuliza Katibu.

"Mchungaji anataka ionekane kwamba familia imekubaliana," akasema, akitabasamu.

Kitinda alisimama mbele, karibu na kinanda, mikono nyuma, shati limepigwa pasi vizuri. Alikuja kwa sababu ya mama. Alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayesema yaishe tu, na hapo ndipo hasira yangu ilipokata kamba. Kwa nini yaishe? Kwa nini kila mara ni yeye wa kuwahurumia hawa?

Baba akaniita, nikapanda. Nikasoma kumi na tatu kwa sauti yangu ya mahakamani, bila kupunguza wala kuongeza.

"Asante. Hapo hapo," baba akasema.

Nikafunua ukurasa. Nikasoma sura ya ishirini na moja, mahali ambapo mwenye kasoro anaambiwa asisogee, nikafika kwenye neno kipofu, nikalisoma mara mbili.

Kidole cha baba chenye pete kilitafuta meza, lakini pale hapakuwa na meza.

"Mwanangu," akasema polepole, "nimesema ukome."

"Ni kitabu kilekile, baba. Nimefunua ukurasa mmoja."

Mzee mmoja akasimama nyuma. "Mwanamke anyamaze kanisani! Imeandikwa!"

"Miaka minane nimesoma hapa ukinisikiliza, mzee wangu," nikamjibu. "Leo ndiyo umeuona huo mstari?"

Wachache walicheka, wakajizuia. Nikawageukia wote. Niliwaambia: mliusikia mstari huu wa kipofu, mkakataa kumtupa mchungaji wenu, mkafanya vizuri. Lakini aliyekesha na Biblia akimtafutia baba njia ya kurudi hapa juu ni huyu mnayetaka kumtupa leo. Ile njia mliyompa baba, kwa nini yeye hana? Na mkimfungia mlango huyu, mama yangu hatakula. Mnajua hilo. Mtanyoosha mikono mkijua.

Katibu aliichukua Biblia mikononi mwangu, kisha kipaza sauti. Alivichukua kwa adabu sana.

Nakiri kwamba nilitumaini. Nilimwona baba akimeza mate, nikasema moyoni, amekumbuka ukuta ule, sasa atasema kitu. Akasema, "Ya kwangu yalikuwa ugonjwa. Haya ni mengine. Wanaokubali atengwe, wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Si kwa pamoja. Kwanza ya wazee, kisha ya kwaya, kisha watu wakawa wanatazamana na kunyoosha. Mama mmoja ambaye Kitinda alimtengenezea meno bure alinyoosha huku akiangalia sakafu. Niliwatazama usoni mmoja mmoja. Nilitaka wajue kwamba nimewaona.

Kisha Katibu akashuka, akaenda nyuma ya kiti cha mama, akainama, akaushika ule mkono wa kulia, mkono uliokufa, akaunyanyua juu. Aliushika kwenye kiwiko ili usilegee.

Sijawahi kuona kitu cha haramu kama hicho, na kazi yangu ni kusikiliza kesi za wauaji. Watu mia mbili, mikono juu, wakatazama mgonjwa akipigishwa kura kwa mkono asioweza kuuinua, wakanyamaza.

Mama aligeuza shingo akautazama mkono wake. Ule wa kushoto, mzima, ukapanda taratibu ukavuka kifua chake. Ukaushika wa kulia. Ukaushusha. Katibu alijaribu kuunyanyua tena, na mama akamtazama kwa jicho ambalo tulilijua sote tuliolelewa naye. Katibu akaachia. Mama akaubana mkono wake mapajani, kwa nguvu, mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi.

"Je, mama yao?" baba akauliza. "Amenyoosha?"

"Amenyoosha, Mchungaji," Katibu akasema.

"Mwongo!" nikapiga kelele bila kipaza sauti. "Ameushusha, baba. Umeshushwa na yeye mwenyewe. Mtu yeyote mwenye macho hapa amwambie!"

Hakuna mwenye macho aliyesema.

Baba akashuka ngazi zile tatu anazozijua kwa miguu. Akapapasa hadi kwenye bega la mama, akaufuata mkono kwa vidole, kutoka bega hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi mapajani. Akaukuta wa kushoto umeukumbatia wa kulia. Akaugusa. Akauvuta kidogo. Mama hakuachia. Baba ameishi na mikono hiyo miaka arobaini, hawezi kuisoma vibaya, na mimi ninayeujua uso wake niliona kwamba ameelewa kila kitu.

Akarudi ngazi tatu juu, akanyoosha mkono kwa Katibu, akapewa kipaza sauti.

"Kanisa zima limekubali," akasema. "Pamoja na mama yenu."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mama, nikafungua breki. Kitinda alikuja upande wa pili bila kuniuliza, akamvua vile viatu vya kubana na kuviacha pale sakafuni. Kwangu pana chumba kimoja cha ziada na mlango ambao hakuna kanisa lenye ufunguo wake. Tukamgeuza mama, tukaanza kumsukuma katikati ya viti, na watu wakavuta miguu yao ndani ili tupite.

Tulikuwa tumekaribia mlango baba aliposikia magurudumu. Kipaza sauti kilikuwa bado mbele ya kinywa chake.

"Wanakwenda wapi?" akauliza. "Nani ametoka? Mama yao yuko wapi?"

Hakuna aliyemwambia.