Dawa Nyekundu, Gauni Jeupe

Mjukuu wangu ni fundi wa magauni ya harusi. Chumba cha mbele ndiyo duka, cha nyuma tunalala, na mimi ndiye mke wake, maana bibi na mjukuu wa kiume ndivyo tunavyotaniana.

"Mke wangu, tundu la sindano limenikimbia. Niazime macho."

"Haya yangu yameshastaafu. Kaoe mwenye macho mapya."

Virusi vya UKIMWI amezaliwa navyo. Binti yangu, mama yake, alimwachia hivyo na cherehani, akaenda zake kaburini. Dawa zake alizimeza tangu utotoni, kisha ukubwani akazichoka, kinga ikashuka, kifua kikuu kikapata mlango. Nesi wa kliniki akamrudisha kwenye dawa za virusi, akamwongezea vidonge vyekundu vya kifua kikuu.

"Mkojo utakuwa rangi ya machungwa," akatuambia, "hata jasho na machozi. Msishtuke, ni dawa tu."

Tulicheka. Mjukuu wangu akasema sasa anakojoa juisi. Kikohozi kikapungua, akaanza kumaliza sahani.

Ndipo likaja gauni la watu. Mama wa bibi harusi alilitaka jeupe pee, lenye mkia wa kufagia ukumbi. Siku ya kulipima joto lilikuwa limejaa chumbani. Mjukuu wangu amepiga magoti anabana pindo, tone la jasho likamtoka puani likatua kwenye kitambaa. Rangi ya machungwa.

"Nini hicho?" mama mtu akauliza.

"Kutu ya cherehani, mama. Nitakibadilisha hicho kipande."

"Badilisha. Mwanangu haolewi na madoa."

Bibi harusi akacheka. Sisi wawili tuliangalia chini.

Kumwaga ndoo ya haja ndogo ni kazi yangu ya asubuhi. Haukupita muda nikakuta mkojo mweupe kama maji. Nikaitua ndoo, nikamfuata kwenye cherehani.

"Mume wangu, dawa nyekundu unameza?"

"Za virusi nameza. Hazina rangi."

"Nimeuliza nyekundu."

Akaendelea kukanyaga cherehani. "Gauni likitoka tu, nazirudia. Likiharibika hili, Bibi, nani ataniletea kitambaa tena? Watauliza doa la nini. Na wakishajua..."

Alivyoniita Bibi nikajua utani umekwisha. Nikamfunga taulo kichwani, ameze na jasho lisidondoke. Akaniuliza, na kwapa nazo tutazifunga na nini? Nikamwekea vidonge kando ya chakula; akala chakula. Nikaenda kwa nesi peke yangu.

"Mlete, Bibi. Mwili wenye virusi hauna akiba ya kupigana. Na kifua kikuu kikionjeshwa dawa kisha kikaachwa, kinaizoea."

Mlete! Mtu mzima unambeba mgongoni? Koo ni la mwenyewe. Kama kumeza kungeazimwa, ningelimaliza kopo zima.

Kikohozi kilirudi kabla shanga hazijaisha kushonwa. Alikuwa akigeukia ukutani akikohoa, kisha anarudi kwenye sindano. Gauni lilikuwa zuri, sisemi uongo. Mama wa bibi harusi alilikagua mshono kwa mshono.

"Safi kabisa. Mikono yako ina baraka, fundi."

"Asante, mama."

Walipotoka tu akashika meza. "Mke wangu, nipe zile nyekundu."

Nikampa. Akameza, akatapika.

Nikamkokota hadi kliniki. Nesi hakutugombeza, na heri angegomba. Alimpa kikopo akakoholee nje kwenye upepo, makohozi yapelekwe kupimwa kama vidonge vile bado vina nguvu kwake, au ugonjwa umeshavizoea. Tukakaa benchi la nje kungoja. Amevaa barakoa, homa yake inanichoma begani kupitia nguo.

"Bibi, dawa zitanikubali tena?"

Bibi huwa hakosi jibu, hata la uongo la kumtuliza mtoto. Nikamwambia anyooshe miguu, asije akafa ganzi.