Sahani ya Dereva

Hoteli yetu hapa Voi inaishi kwa basi la saa saba mchana. Likisimama, abiria hamsini wana dakika ishirini za kula. Zamani tulikuwa wahudumu wanne. Mmoja akaolewa, wawili wakachoka, na bosi Mulei hakuandika wengine. Nikabaki mimi, na Peris jikoni.

Juzi basi liliondoka watu hawajamaliza kula. Waliyemtukana ni mimi. Leo asubuhi Mulei akaniambia chakula kikibaki tena mezani, nivue aprini nirudi kwetu Sagalla nikachote maji kwa punda. Nilikuwa namfikiria dereva.

Kwa desturi dereva hula kwanza, bure, kwenye meza yake karibu na mlango. Akishiba anapiga honi, basi linaondoka. Sasa nani alisema lazima ashibe mapema?

Basi likaingia. Kila upande watu wanapiga vidole. Mzee mmoja wa suti akaniita kwa mluzi. Nikamwambia taratibu kwamba mimi naitwa Ndila, anayeitwa kwa mluzi ni mbuzi, na wake anakuja na chapati mbili. Meza nzima ikacheka, naye akacheka. Siandiki oda. Mtu namkumbuka kwa chakula chake: kofia nyekundu ndengu, mama mtoto pilau, suti mbuzi.

Obadiah, dereva, amekaa ananiangalia. Nikampelekea maji ya kunawa. Baadaye kachumbari. Halafu nikampita mara tatu.

"Ndila, leo mimi si mtu?"

"Wewe ndiye mtu, dere. Yako inapikwa upya. Ama nikupakulie ya sufuria ya abiria?"

Akatulia. Na kweli Peris alikuwa anamsongea ugali wake, polepole kama nilivyomwomba. Niliupeleka wakati yule mzee wa suti amemaliza, anajifuta mdomo. Ulikuwa unatoa moshi, wa kumezwa polepole.

Honi ilipolia, basi lilikuwa limechelewa dakika sita na sahani zote ni tupu. Mulei akazunguka meza akitafuta kosa, akakosa. Akaniuliza mtu mmoja ameweza vipi.

"Mtu mmoja hawezi, bosi. Dereva ndiye amengoja. Andika watu wawili kabla hajashtuka."

Akajikuna kichwa, akauliza kama kuna mtu namjua. Nikatoa simu. Wale wawili waliochoka, namba zao sikuwahi kufuta.