Fito Kumi na Mbili Nyekundu

"Nani alikuambia uzipake rangi?"

Fundi wa mishale hakungoja jibu. Fito kumi na mbili za mishale zilikuwa mezani, nyekundu kama pilipili, na binti yake alikuwa ameshafunga kinga ya ngozi mkononi. Mashindano yalikuwa saa nne. Binti ndiye angevuta ule upinde mzito wa marehemu babu yake, uliowashinda wanaume wawili wa mtaa wa pili wakasingizia bega.

"Ni nzuri, baba. Zimenyooka."

"Zimenyooka! Hata mwongo husimama wima!" Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Rangi huficha nyuzi za mti, na nyuzi zikikatiza ubavuni badala ya kufuata urefu, upinde mzito huupasua ufito palepale kamba inapoachiwa. Kovu la kiganja chake cha kushoto lilikuwa ushahidi. Miaka thelathini amekuwa akikunja kila ufito karibu na sikio, akisikiliza kama mti unalia, kisha akiutia alama ya kisu ule uliofaulu. Leo mtoto wa juzi anamletea brashi!

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe utatoboka mkono!"

Akatwaa mmoja, akaukunja. Ukakatika vipande viwili.

"Umeona?"

Binti aliokota kipande cha nyuma, akakwangua rangi kwa ukucha, akamsogezea. Chini yake kulikuwa na alama ya kisu.

"Huu niliutoa kwenye fungu lako, baba."

"Usinizulie!"

"Tangu mwezi uliopita nazipitia upya fito zako ukilala mchana. Mbovu nazitia kwenye kuni, naweka nyingine. Rangi ni ili usijue kwamba hizo nyingine hazina alama yako. Huu ulinipita. Sikio lako halisikii tena mti ukilia. Ningeanzaje kukuambia?"

Alitamani kuipindua meza. Alimkasirikia kwa kumficha, akamkasirikia zaidi kwa kumhurumia, kisha akakitazama kile kiganja kidogo cha bintiye ambacho angekitoboa yeye mwenyewe, na hasira ikakosa pa kwenda.

"Zimebaki kumi na moja," alisema kwa ukali. "Unangoja nini?"

Akaanza kumpa mmoja mmoja. Wa kwanza ulifaulu. Wa pili ukatupwa kwenye kuni. Kwa wa tano binti alisita, akaukunja tena, akauinamishia sikio.

Baba yake akazuia pumzi, chumba kipate kunyamaza.