Chumba Namba Saba

Hospitali ilikuwa bado haijatufungulia seva yake, na programu yetu ya kupangia wagonjwa miadi ilitaka kujaribiwa. Basi nikatengeneza seva bandia kwenye kompyuta yangu: ukiiomba nafasi, inajifanya hospitali na kukujibu. Nikaandika jibu la kuzugia: "Karibu. Umepata nafasi Jumatatu, saa mbili asubuhi, chumba namba saba." Nikaanza kuandika la pili, la kukataa, maana hospitali gani isiyojaa?

"Mambo ya kukataa ya nini?" akasema bosi wetu, tuliyempachika jina la Chapchap. "Wakubwa wa hospitali wanakuja kuona. Weka ndiyo tu. Na uihamishie kwenye mashine ya ofisi."

Nikaihamisha. Wakubwa wakaona ndiyo, wakafurahi, na Chapchap akawauzia mbuzi kwenye gunia. Nilimwambia, tena mbele ya watu, kwamba programu isitoke kabla sijaiondoa kwenye seva yangu. Akasema ameelewa. Ijumaa nikalala na homa, naye akaitoa kwa wagonjwa vilevile ilivyokuwa.

Nilijua Jumatatu, shangazi aliponipigia simu. Shangazi ndiye aliyenilea. Jicho lake moja limeshazimika, na la pili linafuata.

"Mwanangu, programu yako kiboko! Kule mapokezi wananizungusha tangu mwaka jana, hii yako imenijibu palepale. Niko hapa, chumba namba saba."

Nikampigia Chapchap.

"Wapigie wote uwaombe radhi," akasema.

"Niwapigie akina nani? Seva bandia haiandiki jina la mtu. Inasema ndiyo, basi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nikakata simu, maana tusi lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikakimbilia hospitali. Chumba namba saba ni stoo ya mafagio. Nje ya mlango wenye kufuli, foleni ilikuwa imepinda kona: wazee, wajawazito, mtoto mwenye bandeji, wote wa saa mbili. Shangazi alikuwa wa kwanza, kajifunga kitambaa kipya kichwani.

"Shangazi, ni mimi," nikasema. "Twende nyumbani."

Hakunisikia vizuri, au hakutaka. Aliupapasa mkono wangu, akaushika, akauinua juu foleni nzima ione.

"Ndiye huyu! Huyu ndiye aliyetutengenezea!"

Wakageuka. Mzee mmoja akasema asante, mwanetu, na wengine wakaanza kunipigia makofi.