Mama Yangu Hakufuma Uji

Haya alinisimulia Zdenka mwenyewe, jirani yangu, Jumapili iliyofuata maonyesho ya lesi, tukimenya viazi jikoni kwake.

Lesi ya marehemu mama yake, kitambaa cha matundu alichokifuma kwa mkono, ilishakwisha. Nondo waliila, na kipande kilichobaki kilifumukia majini. Bahati ni kwamba kabla ya hapo Tinkara, mjukuu wa Zdenka, alikuwa ameipiga skana na kuihifadhi kwa pi-en-ji, aina ile ya faili isiyotupa hata nukta moja ya picha. Sasa picha hiyo ndiyo lesi. Nyingine hakuna.

Mji ukaiomba, ifumwe upya kwa ajili ya maonyesho. Bwana Hrastnik, msimamizi, akaona faili ni zito. Akalibana, likawa jepesi, akawatumia wafumaji kwenye simu. Nao wafumaji wetu mnawajua, karatasi ikisema ruka mtoni wataruka. Kila penye tundu dogo katikati ya jani la nakshi, picha iliyobanwa ilikuwa na ukungu. Wakaufuma ukungu. Wakaufuma vizuri mno.

Zdenka akaikuta ukutani kwenye maonyesho, jina la mama yake chini.

"Hii nini?"

"Lesi ya mama yako, Bi Zdenka," akasema Hrastnik.

"Mama yangu hakufuma uji."

"Ni tofauti ndogo tu. Nani ataiona?"

"Nimeshaiona mimi. Toa jina lake."

"Kibandiko kimeshachapwa, mama."

"Basi kaa pembeni."

Akatoa mkasi wake wa uzi, akalikata jina, akalitia mfukoni.

"Nitalazimika kukutoa nje," Hrastnik akasema.

"Usijisumbue. Mlango naujua."

Akaketi kwenye benchi mbele ya mlango huohuo, mto wa kufumia mapajani. Tinkara akamletea karatasi iliyochapwa kutoka faili zima, matundu yote wazi. Akaichomeka kwa pini juu ya mto, na vijiti vilivyozungushiwa uzi vikaanza kugongana mikononi mwake.

Hrastnik akatoka. "Unawazibia wageni njia."

"Madirisha unayo."

Mfumaji akisikia vijiti hatulii. Wa kwanza kuchungulia alikuwa Breda, mmoja wa wale waliofuma ukungu.

"Hebu nilione hilo tundu."

"Hili hapa."

Breda akaliinamia. "Na mimi nikaliziba kwa mikono yangu."

"Uliletewa limeshazibwa. Keti, benchi refu hili."

Akaketi. Wengine wakaenda kuleta mito yao. Kufikia jioni jani la kwanza lilikuwa tayari, na tundu lake. Zdenka akalipachika jina la mama yake chini ya jani lile, palepale mlangoni. Hrastnik akapita kando yake, na mpaka leo hajaomba radhi.

Nyumbani, Tinkara akashika simu ampelekee shangazi yake picha ya jani.

"Usiibane," akasema bibi yake.

"Itachelewa kufika, bibi."

"Ichelewe. Shangazi yako haendi popote."

Tinkara akaituma nzima, akaenda kulala. Zdenka alikaa kuisubiri ifike. Ilipofika alikuwa anakoroma kitini, kiatu kimoja bado mguuni.