Baiskeli ya Mwongozaji

Kitu cha kwanza Nabwile alichokiona asubuhi ile ni kiti. Kiti cha baiskeli namba kumi na moja kilikuwa kimepandishwa hadi mwisho wa chuma chake, na kati ya watu wote waliopanda baiskeli za kampuni ile, ni mmoja tu aliyekuwa na miguu ya kufika pale: kaka yake, Kizito.

Alisimama mlangoni mwa stoo na ndoo ya maji mkononi. Ukungu ulikuwa bado umeishika Kiminini, na kisiagi cha mahindi cha jirani hakikuwa kimeanza kunguruma. Jana yake alikuwa ameisukuma namba kumi na moja mpaka pembeni, kwenye magunia matupu, mahali pa mbovu. Sasa ilikuwa mstarini pamoja na zile nyingine, na mtu alikuwa ameipangusa.

Kampuni ilikuwa na stoo tatu: Kitale, Kiminini na Bungoma. Mgeni angeweza kuchukua baiskeli stoo moja na kuiacha nyingine, akiwa na mtu wa kumwongoza na kumwonyesha mashamba, soko, na Mlima Elgon ukiwa wazi. Baadaye baiskeli zilirudishwa kwa lori la vitunguu, zimetupwa moja juu ya nyingine, na kila mara kulikuwa na kitu kilichopinda au kukatika. Fundi aliachishwa kazi mwezi wa kwanza. Tangu hapo Nabwile, aliyetoka shule darasa la sita, ndiye aliyeziosha, akazijaza upepo, na kutia alama kwenye kitabu.

Alichuchumaa akabana breki ya nyuma. Waya ulikuwa umebaki nyuzi mbili. Ya mbele haikuwa na raba upande mmoja.

"Umeamka kuisalimia?" Kizito aliingia akitafuna muhogo, kichwa ameinamisha ili asigonge mlango.

"Hii usichukue."

"Sasa nichukue gani? Wageni ni saba. Kimaiyo wa kufunga mstari ni mmoja. Nzuri ni nane. Ama unataka nikimbie nyuma yao kama mbwa?"

Nabwile hakucheka. Alijua utaratibu. Haukuandikwa popote, lakini kila mwongozaji aliufuata: mgeni anapewa nzuri, mbaya anaipanda mwenye njia. Mwenye njia anajua kila shimo. Breki ikikataa, anaweka kiatu kwenye tairi la nyuma.

"Mwambie Meneja," alisema.

"Mwenye kitabu si wewe? Mwambie." Kizito akamgusa bega. "Lakini umwambie, si kumnong'onezea. Wewe hata kuku ukimfukuza anafikiri unamuita."

Meneja Hesbon alifika na gari la wageni kutoka Kitale. Wageni walishuka wakijinyoosha, wakapaka mafuta meupe puani, wakaanza kupiga picha za kisiagi. Nabwile alisubiri mpaka Hesbon akamaliza kuwagawia ndizi, kisha akamfuata nyuma ya gari.

"Meneja, namba kumi na moja."

"Nini?"

"Kumi na moja."

"Ongea na mdomo bana, unaongea na kifua."

"Breki. Haishiki."

"Haishiki kabisa ama haishiki vizuri?"

Alifikiria. Hakutaka kusema uongo. "Haishiki vizuri."

"Basi inashika." Hesbon akaangalia saa. "Kitabu kiko wapi? Unaona hao watu? Wametoka kwao kwa ndege. Nikiwaambia safari imekufa kwa sababu ya waya, wewe utakula nini kesho? Huyo kaka yako je? Tia alama."

Kitabu kilikuwa na namba za baiskeli upande wa kushoto, na mbele ya kila namba kisanduku kimoja. Juu ya visanduku kuliandikwa *nzuri*. Hakukuwa na kisanduku kingine. Nabwile alikuwa amewahi kutafuta mahali pa kuandika mbaya, ukurasa kwa ukurasa, akidhani ni yeye asiyejua kusoma vizuri. Akatia alama mbele ya kumi na moja. Mkono wake haukutetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomsumbua.

Kofia ngumu za kichwani zilikuwa nane. Kimaiyo alivaa ya mwisho. Kizito akavaa ile yake ya kitambaa, akapanda, akawaambia wageni kitu kwa Kiingereza wakacheka wote. Mstari ukaingia lami kuelekea Kamukuywa. Yeye alikuwa mbele kabisa, magoti yakipanda na kushuka polepole, kwa sababu mwongozaji hatakiwi kuwachosha wageni.

Kimaiyo alirudi peke yake kabla ya saa tano. Alikuwa na kiatu kimoja mkononi.

Hakushuka kwenye baiskeli. Aliiacha ianguke. Nabwile alikuwa akianika matambara, akaona kiatu kabla ya kuona uso. Soli ilikuwa imekwisha upande mmoja, imeyeyuka, na ilinuka mpira.

"Ule mteremko wa daraja," Kimaiyo alisema. "Lori la miwa lilikuwa limesimama katikati. Mama mmoja mzungu alikuwa amempita Kizito kidogo, anafurahia mteremko. Kizito aliweka mguu. Nilimuona ameweka mguu. Angegonga yule mama. Sasa akakata kona…"

Akakiweka kile kiatu chini. Kisiagi kilikuwa kinanguruma, na mwanamke mmoja mlangoni aliuliza kama wameishiwa na maji, au mbona wanaangaliana hivyo.

*

Siku ya tatu aliitwa ofisini Kitale. Hesbon alimfungulia soda, akaisukuma mezani hadi mbele yake. Nabwile hakuigusa.

"Pole sana. Kizito alikuwa kijana wangu. Wageni wengine walikuwa wanauliza jina lake kabla hawajapanda ndege." Akafungua kitabu. "Soma hapa."

Nabwile alitazama. Kumi na moja. Alama.

"Nani alitia?"

"Mimi."

"Ulitia nini?"

"Nzuri."

"Sawa." Hesbon alikifunga taratibu. "Sasa sikia, dada. Watu wa bima watauliza. Polisi watauliza. Kama baiskeli ilikuwa nzuri, basi shida ilikuwa kwa mwenye kuiendesha. Kama ilikuwa mbaya, kuna mtu aliyesema ni nzuri akijua ni mbaya, na mtu akafa. Huyo mtu anaitwa nani?"

Nje kulikuwa na mlio wa kengele ya baiskeli. Mtu alikuwa anazijaribu, moja baada ya nyingine.

"Nilikuambia," Nabwile alisema.

"Uliniambia nini?"

"Breki."

"Uliniambia haishiki vizuri. Ukaandika nzuri. Mimi niende na gani mahakamani, ya mdomo ama ya kitabu?" Alitoa karatasi iliyopigwa chapa. "Mimi sitaki ufungwe. Mama yenu azike mmoja na kumtembelea mwingine jela? Kampuni itanunua sanduku, italeta hema, italeta ng'ombe. Mwili utatoka mochari leo. Weka sahihi tumalize."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Aliliona jina la kaka yake. Aliona la kwake. Katikati kulikuwa na neno moja fupi alilolijua, si kwa kulisoma shuleni, bali kwa sababu limechorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa baa pale stendi ya Kiminini, karibu na picha ya chupa.

"Kizito hanywi," alisema.

"Amekufa," Hesbon alisema. "Haitamuuma."

Nabwile akaandika jina lake, herufi moja moja, kama alivyofundishwa. Alipoinuka, Hesbon alimwambia abebe soda yake.

*

Nyumbani kwao Myanga, habari ya ulevi ilifika kabla ya mwili. Ililetwa na karani wa kampuni, aliyekuja kumweleza Agneta, mke wa Kizito, kwa nini hatalipwa fidia. Aliyekufa kazini akiwa amelewa, alisema, sheria haimjui. Jioni Mchungaji naye alikuja, akaketi uani bila kuegemea kiti. Kanisa lao halikuwa na ubaya na mtu, alisema, lakini utaratibu ni utaratibu. Aliyekufa katika ulevi haingii kanisani, hawekewi bendera ya kanisa, kwaya haimwimbii. Familia itamzika yenyewe.

"Kizito?" Agneta alisema. "Kizito ambaye busaa ikipikwa kwa jirani anafunga dirisha?"

"Kuna karatasi, mama Sally. Imewekwa sahihi na shahidi."

"Shahidi gani?"

Mchungaji hakujua. Karani alikuwa amemwonyesha juu tu, sehemu ya chini ameikunja.

Usiku huo wanawake walilala kwenye majani mbele ya nyumba, na Agneta hakulala. Asubuhi alimkuta Nabwile kwenye mafiga, akachuchumaa karibu naye.

"Mulamwa, wifi yangu, wewe ulimwona akitoka. Niambie tu mimi. Alikuwa amekunywa?"

Nabwile aliinua sufuria kubwa kutoka motoni, ingawa uji haukuwa umeiva, akaenda kuumwaga na kuiosha. Aliisugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Aliporudi, Agneta alikuwa ameondoka, na watu wawili walikuwa wanauliza uji uko wapi.

*

Siku ya mazishi hema lilikuwa na jina la kampuni. Hata shati la mwenye kushika kipaza sauti lilikuwa na jina la kampuni. Mchungaji hakuja. Sanduku liliwekwa juu ya meza mbili, na kwa kuwa hapakuwa na kwaya, watu waliimba wanavyojua, kila mmoja akianza wimbo wake na kuuacha katikati.

Saa sita wakatokea barabarani kwa mstari. Wageni wapya sita kwa baiskeli, kofia ngumu kichwani, Hesbon mbele na Kimaiyo nyuma. Waliegemeza baiskeli kwenye ua wa michongoma. Hesbon aliinama kwa wazee, akasema wageni hawa wametoka Bungoma kwa nguvu za miguu yao ili kufariji familia. Wageni wakaonyeshwa viti vya mbele. Shangazi mmoja aliyekuwa amekaa hapo akainuliwa.

"Imekuwa safari ya matanga sasa," mtu alisema nyuma ya Nabwile. "Kesho watatuletea tiketi."

"Nyamaza. Ng'ombe ni wao."

Mama mmoja mzungu aliomba ruhusa kwa ishara, kisha akapiga picha ya sanduku. Halafu ya Agneta. Halafu akarudi nyuma hatua mbili apate vyote.

Wazee walisema. Jirani akasema. Mwenye kipaza sauti akatazama karatasi yake. "Sasa dada ya marehemu. Nabwile yuko? Ati anaona haya. Mleteni."

Alisukumwa mbele. Hakuwa amewahi kushika kipaza sauti, na kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Aliwaona wote wamemwangalia, hata watoto waliopanda juu ya mpera. Hesbon alikuwa ameinama kati ya wageni, tayari kuwatafsiria.

"Kizito hakunywa," Nabwile alisema.

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote mbili, kubwa, kama ya mtu mwingine. Hesbon akasema maneno kwa Kiingereza, mengi kuliko yale ya Nabwile. Kati ya hayo alisikia neno la kushukuru, ambalo kila mtoto wa Kiminini analijua, maana wageni huwafundisha kabla ya kuwapa peremende. Kimaiyo aliinua kichwa ghafla, akamtazama Hesbon, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Wageni walitikisa vichwa kwa huzuni. Yule mama mwenye kamera akaweka mkono kifuani.

"Breki ilikuwa mbovu," Nabwile alisema.

Hesbon akatafsiri. Wageni wakapiga makofi, polepole na kwa heshima, wakaangaliana kuhakikisha kwamba ndivyo inavyofanywa.

"Asante, dada, tumesikia, uchungu ni mwingi," mwenye kipaza sauti alisema, akamnyang'anya.

Lakini chini ya hema kelele zilikuwa zimeanza. Baba yake mdogo, Wabwile, mwenye fimbo, alikuwa amesimama. "Ngoja. Ngojeni kwanza. Mtoto amesema hakunywa. Sasa hiyo karatasi ya kusema alikunywa ilitoka wapi? Nani aliweka sahihi?"

Hesbon hakutafsiri hilo. Aliweka mguu mmoja juu ya mwingine, akamtazama Nabwile kwa upole kabisa, kama mtu anayesubiri mtoto wa darasa la kwanza aseme jina lake, akijua hataweza.

Agneta alikuwa ameketi chini kando ya sanduku, Sally mapajani. Aliinua uso. Nabwile alienda akapiga magoti mbele yake. Nyuma yake kamera ililia mara moja, na tena. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya kufika barabarani, bila kipaza sauti, na aliposema alimwangalia Agneta machoni:

"Mulamwa, ni mimi. Nilijua haishiki nikaandika nzuri. Nilijua hakunywa nikaandika alikunywa. Mara zote mbili aliyeniambia niandike ni yule pale, na mara zote mbili niliogopa. Mkono ulikuwa wangu."